Nafasi Iliyotembea Kati ya Mitungi

Nilifanya kazi miaka mingi mtaa wa Baba Dogo, katika kiwanda cha mitungi ya plastiki, na huko nilizoea kuamini kitu ninachoweza kukishika. Labda ndiyo maana binti yangu aliponiambia kwamba chuoni amechagua kusomea chembe ambazo kwa kweli si chembe, sikumwuliza swali hata moja. Jumapili hiyo ushirika wa kanisa letu ulipokutana sebuleni kwetu, hapa mtaani Tena, nilisimama nikawaomba wamwombee aache kusomea vitu ambavyo havipo. Alikuwa mlangoni na birika la chai. Walimwombea, tena kwa sauti kubwa. Akamimina chai, akaosha vikombe, na kwa miaka minne hakulala tena nyumbani kwangu.

Kosa ni langu. Wenzangu waliombea walichoambiwa.

Mwaka huu alikuja kumwona mama yake, wiki ambayo mifereji ya maji nyumbani ilikuwa mikavu. Jumamosi asubuhi tulipeleka mitungi yetu kwenye bomba la ploti ya jirani. Hapa kwetu mtungi ndio unaopanga foleni. Mwenyewe anaweza kwenda kununua mandazi, na hakuna atakayegusa zamu yake. Tulikaa kando ya ukuta. Jioni angeondoka, na nilijua nisiposema neno asubuhi hiyo huenda nisilipate tena.

"Hizo chembe zako," nikasema. "Hebu nieleze."

Alinitazama kwanza, kama anayepima iwapo namdhihaki. Mtungi wa mbele ulikuwa umejaa na kuondolewa. "Usiangalie mitungi, Baba. Angalia pale palipobaki wazi."

Mtungi wa pili ukasukumwa mbele, nafasi ikahamia nyuma yake. Wa tatu ukafuata, nafasi ikarudi nyuma tena. Kila mtungi ulisogea hatua moja tu, lakini ile nafasi ilisafiri kama kitu chenye miguu.

"Ni nafasi tupu, lakini umeiona ikitembea," akasema. "Ndani ya fuwele, hata punje ya chumvi, elektroni ni nyingi mno, huwezi kuzifuata moja moja. Kwa hiyo tunafuata mwendo wake wa pamoja. Huo ndio tunauhesabu kuwa chembe."

"Na haifi njiani?"

Akanigeukia mwili mzima. "Hilo ndilo swali langu, Baba! Kwa kawaida hufa. Huvunjika vipande ikapotea. Ungedhani elektroni zikizidi kusukumana itakufa upesi zaidi. Lakini kuna mahali zinasukumana kwa nguvu mno, na huko haifi. Msukumano wenyewe unaizuia kuvunjika."

Nikatazama tena. Kule nyuma, ambako wenye mitungi walikuwa wameenda zao, nafasi iligawanyika vijinafasi na kupotea. Huku mbele akina mama waliisimamia mitungi yao wakibanana na kugombana, na nafasi ilipita kati yao nzima.

"Ni mfano tu," akaniambia. "Kwenye fuwele ni ajabu kuliko hivyo."

Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Nilikuwa nimetengeneza mitungi karibu maisha yangu yote, na sikuwahi kutazama kati ya mmoja na mwingine.

Mama mmoja wa ushirika wetu akamwona binti yangu. "Hee, msomi! Bado unatafuta vitu havipo? Sisi hapa tunatafuta maji!"

Foleni ikacheka. Binti yangu akainamisha macho, vilevile kama siku ile ya birika.

Nikasimama. "Mama, vipo. Siku ile niliwaombesha vibaya. Sikujua nilichosema, na sikutaka kujua."

"Mzee, umelewa asubuhi yote hii?"

"Sijalewa. Tazama mbele ya mtungi wako."

Akatazama. "Mbona sioni kitu?"

"Hicho hicho."

"Mama, sogeza basi!" wa nyuma wakampigia kelele. Akasogeza huku akitikisa kichwa, na nafasi ikampita, ikaendelea na safari yake.

Binti yangu hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Zamu yetu ilipofika alikinga maji, akafunga kifuniko, akakikaza zaidi ya kilivyohitaji.

"Jumatano naeleza kazi hii chuoni," akasema bila kunitazama. "Wageni wanaruhusiwa."

"Nitakuja."

"Njoo. Lakini usisimame kuomba."