Makopo Yaliyooshwa

Gwirye hakuwahi kuliamini begi kwa kulitazama nje. Mteja akimletea begi la mgongoni, jipya, la bei ya kutisha, yeye alilipindua kwanza ndani nje, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, polepole, hadi ukucha ukwame.

"Hapa," angesema. "Wamekushonea mara moja tu. Ukipakia maji na mchele, mkanda utabaki mlimani, wewe utashuka umekumbatia begi kama mtoto."

Kibanda chake kilikuwa pale mabasi yanapogeuzia, chini ya mlima Jiri, na alikuwa na cherehani ileile kwa miaka ishirini na miwili. Wapandaji walipita asubuhi wamejitwisha nusu ya nyumba zao, wakarudi jioni wameshika vipande. Yeye alishona. Aliuza na vya kwake pia: vifuko vya mchele, mikanda ya mabegani, na maturubai mepesi aliyoyaunga kutokana na yale mabango ya kitambaa yanayotundikwa barabarani wakati wa uchaguzi. Ukilinunua lake, unalala mkavu chini ya uso wa mgombea aliyeshindwa. Lakini kabla ya kuliuza alikuwa amelitandaza juu ya beseni, akalimwagia maji na kuliacha hadi kesho yake. Likidondosha tone moja, linakuwa tambara la kupangusia.

Mwenyewe hakuwahi kulala mlimani hata siku moja. Nani angebaki na kibanda?

Mumewe, Jongdae, ambaye kijiji kizima kilimwita Baba Saerom kwa jina la binti yao, alikuwa na historia yake. Alikunywa pombe ujana wote na nusu ya utu uzima. Miaka minane nyuma alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma matunda ya kaki, na alipofungua macho daktari akamwambia kwamba mguu ungepona ila ini lisingevumilia tena. Akatoka hospitali, akanywa tena. Gwirye akafunga nguo zake kwenye begi alilolishona mwenyewe, akaenda kwa Saerom mjini Jinju, akakaa huko majira yote ya baridi. Jongdae alimfuata barafu ikiyeyuka. Alipiga magoti kwenye kizingiti cha binti yake, akaapa. Gwirye alimjibu neno moja tu: "Nikirudi leo, halafu niondoke tena, usinifuate."

Tangu hapo hakugusa. Alikwenda ibada ya alfajiri kila siku, akafagia kanisa, akatengeneza paa lake. Sasa Jumapili ya shukrani ya mavuno alitakiwa awekewe mikono kuwa shemasi. Jumatano baada ya maombi mchungaji alimwita Gwirye pembeni.

"Mama, sisi tunamwona kwa saa chache. Wewe unamwona siku zote. Ukiniambia amesimama, nitamwekea mikono bila kuuliza mtu mwingine. Nipe jibu Jumamosi."

Angemjibu palepale. Sijui ni nini kilichomzuia. Labda ni ule ukucha wake wa mishono.

Alhamisi aliingia bandani nyuma ya nyumba kutafuta mabango. Chini ya magunia ya kuwekea vitunguu saumu akakuta makopo ya bia. Si mawili wala matatu. Matupu, yamesimama wima, hayakubonyezwa, na yameoshwa yakang'aa.

Alikaa juu ya gunia. Mlevi gani anaosha makopo yake? Halafu akajijibu mwenyewe: mlevi aliyeoa mwanamke mwenye pua.

Jioni wakala supu ya maharage na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Jongdae alishika vijiti kwa shida; vidole vyake vilikuwa na michubuko myembamba kama amekwaruzwa na paka.

"Vidole vimekuwaje?"

"Miti ya kaki hiyo."

"Kaki zimekwisha kuchumwa wiki iliyopita, Baba Saerom."

"Basi ni miba. Kula, mama, supu inapoa."

Akala, lakini kila kitonge kilikuwa kama kijiwe. Mtu huyu hakuwahi kumwambia kula, supu inapoa. Tangu lini amekuwa mpole hivyo?

Ijumaa asubuhi alikuja Shemasi Noh, jirani yao, mama anayejua mbuzi wa nani amezaa kabla mbuzi mwenyewe hajajua. Alileta begi la mjukuu wake lenye zipu iliyong'oka, lakini mdomo ulikuwa na shughuli nyingine.

"Dada, mimi si mtu wa maneno."

"Najua," alisema Gwirye, akipindua begi.

"Sipendi kabisa kuingilia. Ila jana mchana nimemwona Baba Saerom nyuma ya ule mkahawa wa wapandaji. Ameinama kwenye pipa la makopo. Anachagua, dada! Anainua moja, analitikisa sikioni, analiweka. Anainua jingine. Kama mtu anayenunua tikiti."

"Labda anasaidia kutenganisha taka."

"Labda," alisema Shemasi Noh, na lile labda lake lilikuwa refu kutoka hapo hadi Jinju. "Mimi nitamwombea tu. Hii zipu lini?"

Gwirye alishona zipu ile juu chini, akaifumua. Analitikisa sikioni. Anasikiliza kama kuna kilichobaki. Mungu wangu, mume wangu anakunywa mabaki ya watu.

Akapiga magoti nyuma ya cherehani, kibanda kikiwa wazi, akaomba. Hakuomba aonyeshwe kwamba ni uongo, maana hakuthubutu. Aliomba mikono yake isitetemeke atakapokuwa anafunga nguo.

Saa sita mchana, jua likiwa kali kama linavyokuwa majira ya mavuno, alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya Ijumaa, akarudi nyumbani kimya, viatu mkononi. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Pombe kali, safi, inayochoma pua. Mlango wa banda ulikuwa wazi na jua limeingia hadi ndani. Jongdae alikaa kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na jiwe bapa, juu ya jiwe kikombe kifupi cha bati kilichokatwa kutoka kwenye kopo, na pembeni chupa iliyofika nusu.

"Kumbe umejikatia na kikombe kabisa!" alisema Gwirye.

Jongdae aliruka. "Mama Saerom! Simama hapohapo!"

"Nimesimama miaka minane. Kunywa basi nikuone."

"Usishike! Nakuambia usishike!"

"Unakionea huruma?" Akainama, akanyoosha mkono akimwage kile kilichomo.

Hakukuwa na moto. Aliapa baadaye kwamba hakukuwa na moto wowote. Palikuwa na jua tu, na hewa iliyokuwa ikicheza kidogo. Lakini mkono wake ulipopita juu ya kile kikombe, ule mkono wa nailoni anaouvaa juu ya mkono wa nguo isichafuke ulijikunja ghafla kama jani, na kidole kikaungua. Jongdae alimvuta, akaudumbukiza mkono wake mzima ndani ya beseni la kabichi zilizolowekwa kwa chumvi.

"Chumvi! Unaniua!"

"Ndiyo maji yaliyopo! Tulia, mwanamke! Nimekuambia usishike!"

"Nimeshika nini? Hakuna kitu pale!"

Jongdae alichukua mkebe wa samaki uliotiwa mpini wa waya, wenye maji kidogo, akauweka juu ya kile kikombe. Wakakaa, yeye amemshika mkono ndani ya maji ya kabichi, wakitazama. Maji yakaanza kutoa vipovu. Kisha yakachemka kabisa, bila moto kuonekana, mchana kweupe.

"Ni jiko," alisema. "Vitako viwili vya kopo, kimoja ndani ya kingine, vitundu vya pini kuzunguka ukingo. Unatia spiriti katikati. Kwenye jua huioni inavyowaka. Lina uzito mdogo kuliko yai. Si wewe unayesema kila siku mabegi yanakatika kwa upumbavu wa watu kubeba majiko ya chuma? Nilitaka yauzwe kibandani kwako. Kopo lenye mkunjo halifai, ndiyo maana nachagua."

"Unayatikisa sikioni."

"Nani kakuambia? Noh?" Akacheka kidogo, akaacha. "Natikisa kujua kama limebaki kitu."

"Na kama limebaki?"

Gwirye alimtazama mdomo, kama alivyotazama mshono pale ukucha unapoanza kukwama.

"Namwaga. Yote nimemwaga. Isipokuwa Jumanne lilikuwepo moja, limejaa zaidi ya nusu. Nilienda nalo hadi nyuma ya ukuta. Nililishika mpaka likapata moto mkononi. Nililileta hapa," akagusa mdomo wa chini. "Halafu nikalimwaga. Hakuna aliyeniona."

Gwirye akatoa mkono kwenye beseni. Hilo hakuliuliza. Shemasi Noh mwenye macho yake yote hakuliona. Angeweza kunyamaza nalo hadi kaburini na hakuna ukucha ambao ungelifikia.

"Vuta pumzi unipumulie," alisema.

Akampumulia. Vitunguu saumu tu.

"Tena."

Akampumulia tena.

Jumamosi mchungaji alimkuta kibandani, kidole kimefungwa kitambaa, anamalizia zipu ya mjukuu wa Noh.

"Mama, umepata jibu?"

"Nimempindua ndani nje, mchungaji," alisema Gwirye. "Kuna mahali pamoja mshono ulipotaka kuachia. Amenionyesha mwenyewe, na atakuonyesha wewe ukimuuliza. Mshono umeshika. Mwekee mikono."

Jumatatu kibanda kilifungwa kwa mara ya pili. Walipanda kilima kidogo nyuma ya kijiji, si Jiri yenyewe, magoti hayakutaka, wakiwa na turubai moja lenye uso wa mgombea. Jongdae aliwasha jiko lake kwenye kivuli, na mara hii Gwirye aliuona moto, wa buluu, mwembamba, umesimama kwenye kila tundu. Bado aliupitishia kiganja kwa mbali kuhakikisha.

Chai ilipoiva Jongdae akammiminia, kisha akajimiminia yake. Gwirye akavichukua vikombe vyote viwili, akanusa cha kwake, akanusa cha mumewe, ndipo akamrudishia.

"Kunywa," alisema. "Inapoa."