Kwa Aibu ya Mkwe Nilimnyima Rael Bahari

Mkosaji ni mimi. Nimeanza na hilo ili msinihurumie mkiwa katikati ya habari.

Siku jambo lilipotoka, hawa ndio walikuwa sebuleni kwangu, huku upande wa Roret. Chelangat, kitinda mimba wangu, nesi ng'ambo. Weldon, mume wake, mkwe wangu, amekaa karibu na mlango kama inavyompasa. Arap Chumo, ndugu ya marehemu mume wangu. Rael, mke wa Arap Chumo, ambaye tuliolewa naye boma moja, tukapanda chai mstari kwa mstari, yake na yangu zikitenganishwa na ua tu. Esther wa jirani, aliyeleta maziwa na kuyasahau mkononi kwa sababu ya kusikiliza. Akinyi aliingia baadaye, yule wa ofisi ya safari pale Sotik, binti ya Mama Akoth aliyekuwa akituuzia omena.

Jina langu silitaji. Anayetujua amekwisha nijua.

Sasa nirudi nyuma.

Rael alizaa wasichana, halafu mvulana mmoja, Kiprotich. Mtoto mrefu, mcheshi, mpenda kupika! Watu walimcheka, mwanamume gani anakaa jikoni? Basi hilo jiko likampa kazi. Alikwenda Mombasa akawa mpishi wa meli. Akatuma picha amevaa kofia nyeupe.

Meli yao ilizama. Mwili haukupatikana. Hatukuzika kitu. Mama akizika anajua mahali pa kwenda kulia. Rael hakuwa na mahali. Miaka yote hiyo alikuwa akisema neno moja tu: "Siku moja nitaona hayo maji."

Chelangat alilishika neno hilo. Yeye na Weldon, huko wanakoishi, waliingia klabu fulani ya mapumziko. Unalipia kila mwaka, unapewa pointi, na pointi unazibadilisha kwa likizo unayotaka. Wakaona zinaweza kulipia meli ya watalii inayotoka Mombasa, izunguke visiwani na kurudi. Wakasema, tuwachukue hawa kina mama wawili.

Oi, furaha ya siku hiyo! Rael alicheza, na goti lake lile.

Chelangat akatueleza kwa simu, ya kuonana uso kwa uso. Nasema alivyosema, kwa sababu kosa langu limelala hapa.

"Mama, watu wengi wanapotea hapa," akasema. "Wanapeleka pointi kwanza, klabu inawakatia kwa bei yake, na punguzo zote zinakwenda. Mimi nimekata kwanza kwa meli yenyewe, wakati wa ofa. Nimepata punguzo ya wazee, na ile ya watu wanne chumba kimoja. Sasa klabu italipa hiyo bei ndogo kwa pointi. Lakini nafasi hiyo isiguswe! Ikiguswa tu, tunaanza upya kwa bei ya klabu, na pointi hazitatosha."

"Nani ataigusa?" nikauliza. Mimi mwenyewe ndiye niliyeuliza!

Rael alikuwa ameinama kwenye simu. "Chelangat, nikuulize. Kwa meli wanakubali maziwa?"

"Maziwa gani, mama mdogo?"

"Mursik. Kibuyu kidogo tu."

Arap Chumo akacheka. "Wazungu wataruka baharini wakisikia hiyo harufu!"

Rael hakucheka. Kwetu mtoto akirudi kutoka mbali, mama anampokea na mursik, maziwa yaliyogandia kibuyuni. Kiprotich hakurudi. Basi mama angemfuata nayo. Alichagua kibuyu, akakisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet, akatia maziwa, akafunga. Tulipokuwa tukichuma chai alikuwa akiniambia, "Nitamwaga kidogo kidogo, asipaliwe." Kama anaongea juu ya mtoto mchanga.

Halafu nikajua habari ya chumba.

Chelangat alinitumia picha. Vitanda viwili chini, viwili juu, vimening'inia ukutani kama rafu. Nikahesabu watu. Mimi, Rael, Chelangat, na Weldon. Weldon!

Mnaosoma mkiwa mjini mtacheka. Sisi Wakipsigis hatuchezi na mkwe. Weldon hajawahi kuniona bila kitambaa kichwani. Akiingia ninavuta sketi. Sahani yake hupelekwa na mtu mwingine. Leo nilale naye chumba kimoja, asikie nikikoroma, anione nikishuka rafuni usiku kwenda chooni? Nilihisi moto masikioni katikati ya majani chai!

Ningemwambia Chelangat. Lakini nianzie wapi? Mama anamwambia binti yake nini juu ya mume wake na kulala? Mdomo ulikataa.

Ningemwambia Rael, na hapo mdomo haukukataa. Hapo nilikataa mimi. Nitasema sababu, hata kama pasta hajaisikia. Nilikuwa na wivu. Pointi ni za binti yangu, meli ni ya binti yangu, lakini kanisani watu walikuwa wakimwombea Rael. Njiani ni "Rael, utatusalimia bahari." Mimi nilikuwa nani, mbeba kibuyu? Nikajiambia, angalau niwe na mlango wangu na ufunguo wangu.

Nikapanda pikipiki mpaka Sotik, bila kumwambia mtu.

Ofisi ya Akinyi iko juu ya duka la dawa za ng'ombe. Yeye ndiye wakala wa meli hiyo huku kwetu, ndiye aliyetushughulikia paspoti, na Chelangat alikuwa ameandika namba yangu kama mtu wa nyumbani wa kupigiwa. Akinyi, ambaye huniita gogo, yaani bibi, kama watoto wetu, alinipa kiti na soda.

"Gogo, umekuja kuuliza nguo za kuvaa?"

"Nimekuja uniandikie chumba changu peke yangu."

Akaacha kuandika. "Gogo, hii ni nafasi moja ya watu wanne. Nikitoa jina lako tu, inavunjika yote. Diskaunti inaenda. Chelangat anajua?"

"Ndiye amenituma."

Hapo! Uongo wangu ni hayo maneno mawili. Ndiye amenituma.

"Wacha nimpigie."

"Ametoka zamu, amelala. Unataka kumwamsha mtoto wa watu?"

Akinyi akanitazama. Ni mtoto aliyefundishwa adabu na Mama Akoth, hawezi kumwambia mzee unadanganya. "Haya, gogo. Itaingia namba ya kuthibitisha kwa simu yako, unisomee."

Ikaingia. Nikamsomea namba moja moja, na miwani yangu hii. Hayo ya kuvunjika niliyaona vitisho vya ofisi tu; nikamaliza soda, nikarudi nyumbani nikajiona mjanja.

Siku iliyofuata Chelangat alipiga simu akilia. Nafasi imevunjika, ofa imekwisha, klabu inataka bei yake kamili, na pointi zilizokwisha tolewa hazirudi mwaka huu. Wamejaribu kila njia. Safari imekufa.

"Mama, pointi ziko kwa jina la Weldon. Nafikiri amegusa kitu kwa simu yake. Yeye anasema hajui. Tumegombana mpaka asubuhi."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Mnajua nilimjibu nini mtoto wangu?

Nilisema, "Wanaume wa siku hizi."

Mungu wangu!

Weldon naye, kwa upole wake, akaanza kuamini kwamba labda kidole chake kiliteleza. Tiketi za ndege za kuja Kenya walikuwa wamekwisha lipa, kwa hiyo walikuja, wakafika nyumbani wiki ile ile tuliyopaswa kuwa majini. Ndiyo siku hiyo ya sebule.

Nilikuwa nikimimina chai. Arap Chumo hakugusa yake.

"Wewe kijana," akamwambia Weldon, "hizo pointi ni nini hasa? Zina kwato? Zinakamuliwa? Maana mimi ng'ombe nikimpoteza naona hata alama za miguu."

"Mzee, nisamehe."

"Mke wangu amefunga kibuyu. Umemfanya mama wa Kiprotich mtu wa kuchekwa sokoni!"

"Nisamehe, mzee."

Chelangat alikuwa akitazama sakafu. Hata yeye hakumtetea. Mimi niliongeza sukari kwenye kikombe cha Arap Chumo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mbaya. Niliongeza sukari!

Mbwa akabweka, Esther akafungua mlango, na Akinyi akaingia na bahasha ya paspoti zetu. Alisalimia kila mtu kwa mkono, akampa Rael pole, akakaa. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Kwa kweli hata mimi iliniuma. Siku ile nilimwambia gogo hapa, ukitoa jina lako itavunjika yote. Lakini kwa vile Chelangat ndiye alikuwa amemtuma..."

Chelangat akainua kichwa. "Nani alimtuma nani?"

Akinyi akaona nyuso zetu. Akaweka mkono mdomoni.

Nilikuwa bado nimeshika birika. Nikasema, kwa sababu hapakuwa tena na pa kujificha, "Nilitaka chumba changu. Singeweza kulala chumba kimoja na mkwe."

Halafu Weldon akasimama. Hakunitazama. Hata siku hiyo, na haki yote ikiwa mkononi mwake, alinipa heshima yangu. Alimgeukia Arap Chumo.

"Mzee, mwambie mama kwamba sikuwa nilale chumba hicho. Rafiki yangu Sammy alikata chumba cha jirani, yuko peke yake. Tulikuwa tumekubaliana nilale kwake. Jina langu lilikuwa kwa kina mama kwa ajili ya ile punguzo tu. Sikujua nimwambieje mama mambo ya kulala. Hata Chelangat nilimwambia hilo ni langu, asilitaje."

Arap Chumo akanigeukia, akarudia yote tangu mwanzo, kama vile sikusikia. Ndivyo desturi ilivyo. Kila neno lilinipiga mara mbili.

Mnaona? Mimi nilinyamaza kwa heshima, na yeye alinyamaza kwa heshima. Lakini yake ilikuwa heshima kweli. Yangu niliichanganya na wivu, nikaipeleka Sotik ikanywe soda.

Rael hakupiga kelele. Ningependa angepiga! Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa.

"Mama Chelangat," akasema, "mimi ningelala sakafuni. Ningelala mlangoni nje kama mbwa. Ungeniambia tu."

Akachukua leso yake akatoka.

Weldon naye akatoka, na Chelangat akamfuata huko nje kwenye gari. Niliona kwa dirisha akimshika mkono wa shati, akiongea, akilia. Waliondoka siku chache baadaye. Ananipigia Jumapili. Anauliza dawa nimekunywa, ng'ombe wazima, kwaheri. Weldon hunitumia salamu kama zamani, na salamu hizo ndizo zinaniumiza kuliko matusi.

Mursik haingojei mtu. Asubuhi moja Rael alishuka nacho kile kibuyu mpaka mto Kipsonoi. Esther alimfuata, akihofia goti lake. Alimkuta akimwaga, kidogo kidogo.

Esther akamwambia, "Mama, mto huu hauendi Mombasa. Unaenda ziwani, kwa kina Akinyi."

Rael akajibu, "Najua. Maziwa yangeharibika."

Nimeambiwa hayo na Esther. Rael hajaniambia neno mpaka leo. Tunakutana njiani tukipeleka majani kituoni, vikapu mgongoni. Ninasema, "Chamgei." Anawajibu walio nyuma yangu. Kwetu hata mtu mliyeshtakiana naye ardhi hujibiwa salamu! Na goti lake limezidi. Safari kama ile, hata pointi zikirudi, sidhani atapanda ngazi ya meli. Hilo nimelifanya mimi, na uzee hautaniacha nilirekebishe.

Nanyi mnaosoma, nisikieni. Mtoto akikuambia jambo hili nimelipanga, lisiguswe, usiliguse. Ukiwa na neno linalokuchoma, na mdomo unaona haya, kwetu kuna mtu wa katikati. Mtume shangazi, mtume mzee, mtume hata jirani mmbea, neno lifike. Usilipeleke kwa mgeni ofisini ukalivisha uongo. Na ukiona mtu asiye na hatia anapigwa kwa kosa lako, weka birika chini useme. Dakika hiyo hairudi. Mimi nilikuwa nayo kwenye simu, nikasema wanaume wa siku hizi.

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini majina huwa siyasahau. Maneno, labda. Labda Esther alifika baada ya Akinyi, si kabla. Labda kikombe cha Rael hakikuwa kimejaa, alikuwa amekunywa kidogo. Labda alisema "ungeniuliza", hakusema "ungeniambia". Aliyekuwa sebuleni siku hiyo, kama nimekosea, anisahihishe.

Rael, nawe ulikuwepo. Mjukuu wako akikusomea haya na ukasikia hata neno moja si kweli, usinyamaze. Pita pale ua ulipobomoka karibu na chai yako, uje uniambie.