Kipande Kisicho na Samadi

Mdogo wangu wa mwisho alipofika mwaka wa mwisho wa masomo ya kilimo, alirudi nyumbani na kazi. Kituo cha utafiti cha serikali na chuo kikuu chake vilikuwa vimeungana: kituo kilitoa mbegu na mtaalamu, chuo kikatoa wanafunzi, sisi wakulima tukatoa ardhi. Nilitoa vipande viwili kando ya barabara ya Runzewe. Kimoja tulikitia samadi, cha pili hatukukitia kitu, ili mavuno yalinganishwe.

"Dada, hiki palilia tu," aliniambia. "Kikistawi, utafiti wangu umekufa."

Niliishia darasa la sita wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu wanne. Nikajiambia, hii kazi ya chuo hata mimi naiweza.

Kumbe ina aibu yake. Mahindi ya kipande hicho yalianza kuwa ya njano, na wapita njia hawakunyamaza.

"We mama, ng'ombe wako wameacha kunya?"

"Wanasubiri ruzuku!" nilijibu, nikaendelea kupalilia.

Aliyeshindwa kuvumilia ni shangazi yetu. Asubuhi moja nilimkuta ameshamwaga makarai matatu ya samadi kwenye mistari miwili ya pembeni ya kipande hicho.

"Watu watasema watoto wa kaka yangu wamekosa mtu," alisema.

Upande wa Chato wingu lilikuwa limejaa. Nikampigia mdogo wangu simu. Alipiga kelele mpaka shangazi akasikia: "Zoeni! Zoeni kabla mvua haijanyesha!"

Tukazoa kwa mikono, tumepiga magoti. "Maisha yangu yote namwaga mavi shambani," shangazi alisema, "leo nayaokota!" Tulicheka hadi tukakaa chini. Mvua ilitukuta na karai la mwisho kichwani.

Mdogo wangu hakumficha mtaalamu. Naye alikuja, akapigilia vigingi, akaiondoa ile mistari miwili kwenye vipimo. Iliyobaki ilikuwa safi.

Siku ya mavuno walikuja mtaalamu na mwalimu wa chuo. Kipande chenye samadi kilijaza magunia mawili. Kile kingine hakikujaza hata debe. Mwalimu alitazama mizani, akaandika, akamgeukia mdogo wangu: "Tofauti inaonekana wazi. Kaandike, utafiti wako umefaulu."

Mdogo wangu alinirukia shingoni. Shangazi akapiga vigelegele, na mwendesha bodaboda akasimama barabarani kuuliza kama kuna harusi.

"Hapana," nilimwambia. "Tumevuna kidogo sana!"