Wikio Letu Lilimvunja Mguu Muuza Kahawa, Nami Nikahamisha Komeo

Wakuu, salaam. Mnaonizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo wengi. Waliobaki, marahaba.

Nimesoma uzi wa yule kijana mwenye nyumba ya kupangisha, anauliza mtu akiteleza kwenye ngazi zake akaumia, yeye inamhusu nini. Nimeona mlivyomcheka.

Msimcheke. Mimi yalinikuta. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyokuwa, hata yale yanayoniaibisha.

Ilikuwa Mji Mkongwe, Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, karani mchanga afisini, suruali nyeupe, kiburi tele.

Nyumba ilikuwa ya mama, aliachiwa na baba yake. Mama alikuwa mjane, hana kitu duniani ila nyumba ile na mimi, na mimi sikuwa na faida kubwa.

Kwa wasioujua mji wetu, wikio ni chumba kinachopita juu ya uchochoro kikaunganisha nyumba mbili. Nyumba ya pili zamani ilikuwa ya dada yake bibi, na wanawake wakipitia humo kutembeleana bila kushuka njiani. Baadaye wenyewe wakaondoka, serikali ikawapa watu wengine vyumba. Ghorofa ya juu akapewa Bi Miza, mama wa Makunduchi, na watoto wake wanne.

Basi asubuhi moja, baada ya mvua za masika, kipande cha sakafu ya wikio kikaporomoka. Chini yake alikuwa amekaa Mzee Sudi, muuza kahawa, na dele lake, lile birika la kahawa, pembeni. Jiwe likamvunja mguu.

Lahaula! Uchochoro ukajaa watu.

Bima? Sisi bima tuliisikia kwa wenye magari tu. Nyumba ya mawe, nani aliwaza kuikatia?

Haikupita wiki, ikaja barua kwamba afisa wa majengo atakuja kukagua wikio ni la nyumba ipi. Mwenye nyumba hiyo, au aliyepewa na serikali, atabeba matibabu, matengenezo, na kesi ikiwa mzee atashitaki.

Mama alikaa kitako sakafuni na barua mkononi.

"Wataichukua nyumba, mwanangu. Tutakwenda wapi sisi?"

Sijawahi kumwona mama akilia vile. Hapo ndipo shetani akanipata.

Wikio lilikuwa na milango miwili, mmoja wa kwetu, mmoja wa kwa Bi Miza. Komeo lilikuwa moja tu, kwenye mlango wa Bi Miza, na lilifungwa kwa ndani ya wikio. Maana yake sisi ndio tunaofunga, yeye hawezi kuingia. Mtu yeyote akiona hivyo atajua wikio la nani.

Nikangoja Ijumaa, wakati wa sala. Mji kimya, watu wote msikitini. Mama nilimwambia nakwenda msikitini, naye akatoka kumtazama Mzee Sudi. Nikarudi na bisibisi na nyundo. Nikaling'oa komeo, nikalipiga kwenye mlango wetu, upande wa chumbani kwetu. Sasa sisi tumejifungia kwetu, na wikio liko wazi kwa Bi Miza. Nikajiona mjanja kweli! Kwamba mama wa watu na watoto wanne watashindwa kulipa, wataondoshwa warudi shamba, hilo nililisukuma kando.

Afisa akaja na karani wake. Mama na Bi Miza wakaitwa ndani ya wikio. Afisa akatazama mlango huu, akatazama ule.

"Andika," akamwambia karani. "Wikio ni la nyumba ya pili."

Bi Miza akasema taratibu, "Bwana, mie tangu nhamie mlango huu haujapata kufunguka. Leo ndo mara ya kwanza kutia mguu humu."

Mama akageuka. Akayaona matundu ya skrubu kwenye mlango wa Bi Miza, mbao yake bado nyeupe. Kisha akanitazama mimi. Wakuu, natamani angenipiga kofi.

"Futa, bwana," mama akasema. "Wikio langu. Mzee wa watu kaumia kwangu."

Afisa hakuuliza zaidi. Tukafuatana naye mpaka kwa Mzee Sudi, mguu umefungwa plasta, akamuuliza kama anashitaki.

"Nimshitaki nani? Miaka yote nakaa pale nafaidi kivuli chao, na Bi mkubwa huyu hajanifukuza hata siku moja. Nnachotaka kahawa yangu isilale."

Akaninyooshea kidole mimi.

Basi karani mwenye suruali nyeupe akawa kila jioni, baada ya kazi, anabeba dele na kugonga vikombe mitaani mpaka mguu wa mzee ulipopona. Nilichekwa na mji mzima. Na wikio? Kaka zake Bi Miza walileta chokaa kutoka Makunduchi, wakatujengea sakafu upya, ujira wao pilau la mama.

Miaka mingi ikapita. Mama alipofariki, Bi Miza alikuja hitimani, kashazeeka. Nikamshika mkono nikamwambia nina jambo langu la zamani, nataka anisamehe.

"La komeo?" akasema.

Nikamuuliza kajuaje.

"Ijumaa ile nlikuwa ndani, nyuma ya mlango, nnachambua mchele. Nani alokwambia na wanawake huenda msikitini Ijumaa? Nlisikia nyundo yako mwanzo mpaka mwisho."

"Mbona hukusema mbele ya afisa?"

"Nkutaje mbele ya serikali, miaka ile? Mama yako alikuwa na mtoto mmoja tu."

Nimeandika hili machozi yananitoka, sioni haya.

Wenye nyumba na maduka, pandeni juu mtazame kinachoning'inia vichwani mwa watu. Mkikata bima msiishie ya moto, ulizeni mtu baki akiumia kwangu, nani atamtibu? Na likitokea, lako liite lako. Sisi tuliokolewa na wema wa watu, na huo hauuzwi afisi yoyote ya bima.

Haya, mnaopangisha, mmekata bima ya namna hiyo? Inalipa, au mnazungushwa? Na mwenye kutaka kunitukana kwa lile komeo, uwanja wake huu, nimestahili.