Siku Niliyofagia Nyumba ya Nainai

Harufu ya wali mtupu, ule unaochemshwa bila chumvi, bila mafuta, bila hata tone la tui la nazi, hunikunja uso mpaka leo. Wiki iliyopita niliisikia kwenye ngazi za jengo ninaloishi hapa Sundbyberg, kando ya Stockholm. Jirani mmoja alikuwa ameacha mlango wazi, na mvuke wa sufuria lake la umeme ukanifuata mpaka ghorofa ya tatu, nikasimama na mifuko yangu mikononi kama mtu aliyeitwa jina. Mama yangu wali wa namna ile aliuita chakula cha wagonjwa. Mimi niliula karibu miaka miwili, kila siku ya shule, na mwisho wake nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nawaambia ninyi kwa sababu hamnijui.

Kwanza mnifahamu tabia. Mimi ni mtu wa kinyongo. Wenzangu Mungu kawajalia sauti za kuimba kwaya, mimi kanijalia kumbukumbu. Ukiniudhi leo sitasema kitu. Nitakuchekea, nitakupisha ukae, na siku nitakayokulipa utakuwa umeshasahau ulinikosea nini. Mama amenihubiria tangu utotoni kwamba hasira hasara. Nilimsikia, ila sikumsikiliza.

Tulikaa Rissne, mimi na yeye, ghorofa ya nne. Mama alitoka Morogoro kuja kusoma, masomo yakaisha, akabaki, akawa muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg, upande mwingine kabisa wa mji. Akitoka kazini ni treni, kisha metro, kisha kupanda kilima kwenye barafu, na mimi shule imeshafungwa zamani. Nyuma ya mlango uliotazamana na wetu waliishi Wachina: baba mhandisi, mama mfamasia, binti yao Lian niliyesoma naye darasa moja, na bibi aliyeletwa kutoka kwao kuja kumlea mjukuu. Lian alimwita Nainai, yaani bibi mzaa baba, nami nikamwita hivyohivyo. Nainai na mama hawakuwa na lugha hata moja ya kukutana, lakini walipatana siku ya kwanza. Nainai alininyooshea kidole, akajigonga kifua, akaonyesha mlango wake. Mama akamshika mikono yote miwili, akapiga goti kidogo. Tangu siku hiyo, kengele ya shule ikilia, nikawa mtoto wa kwa Nainai mpaka jioni.

Shida ilianzia kwenye bakuli la wali ule mtupu. Mama alinifunza kwamba ukila kwa watu unamaliza, kwani ukibakiza wataona umekidharau chakula chao. Kwa kina Nainai mambo ni kinyume: mgeni akimaliza mpaka chini maana yake hajashiba, na mwenyeji anayemwacha mgeni na njaa amejiaibisha. Basi mimi namaliza, yeye anajaza. Namaliza tena, anajaza tena, na samaki juu yake. Lian alikuwa akibakiza matonge mawili, anaachwa aende zake kwenye televisheni, mimi nimebaki mezani natokwa jasho kwa heshima. Hivyo ndivyo nilivyonenepa. Ilipofika Krismasi ya pili, suruali zangu zilikuwa zinafungwa kwa pini.

Na kila nilipoingia mlangoni, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama nimekula. Kwao ile ni salamu, kama sisi tunavyoulizana za nyumbani, wala hasubiri jibu. Mimi sikujua. Nilidhani mtoto anaulizwa hivyo akishaonekana ana kitambi.

Kisha ikaja siku ya ngazi. Ilikuwa Januari, tunapanda mimi, Lian na wasichana wawili wa darasani waliokuja kucheza, na Nainai anashuka na mfuko wa takataka. Aliponiona alitua mfuko, akanishika shavu, akaniminya mkono hapa juu penye nyama, akasema maneno mengi huku anacheka mpaka jino lake la fedha likaonekana.

"Anasemaje?" wakauliza wale wasichana.

Lian akanitazama mimi, kisha akawatazama wao. "Anasema Neema amenenepa sana," akatafsiri kwa Kiswidi, kwa sauti ya kusikika ghorofa mbili.

Walicheka mpaka wakashika ukuta. Kesho yake nilikuwa na jina jipya. Pipa, sogea. Pipa, usikae kwenye bembea, itakatika. Nililia chooni shuleni siku tatu mfululizo, na kila nilipolia niliuona uso wa yule bibi na jino lake la fedha.

Nilimwambia mama nikitaraji atawaka moto. Alikuwa amekaa anajisugua nyayo baada ya zamu.

"Kasema umenenepa?"

"Ndiyo, mbele za watu!" nilijibu kwa Kiswidi, maana hasira zangu zote zilikuwa za Kiswidi.

"Mungu ambariki bibi wa watu! Mimi nakuona kila siku sioni, kumbe mtoto umenawiri."

"Mama, ni matusi!"

"Matusi gani? Ungekonda ndiyo ningelia mimi. Watu wangesema mtoto wa yule nesi anateswa."

Siku yake ya mapumziko akapika vitumbua, akajaza sahani, akanituma nipeleke kwa Nainai kama shukrani. Fikirini. Wanawake wawili wasio na lugha moja walikuwa wamekubaliana kabisa, na mimi peke yangu, niliyezaliwa Stockholm, nimejeruhiwa kama Mswidi. Nilivuka korido na vitumbua vya moto, nikabisha hodi, nikamkabidhi aliyenitukana, naye akanipapasa kichwa. Niliapa palepale mlangoni kwake.

Dawa ya moto ni moto, lakini mtoto wa miaka kumi moto ataupata wapi? Nilingoja. Mwanzoni mwa Februari nikaukuta kwa kina Lian, wiki ya kuukaribisha mwaka mpya wao. Nyumba nzima iliwekwa juu chini. Mapazia yalifuliwa, vioo vilisuguliwa, hata nyuma ya friji palifutwa, na mimi na Lian tulipewa matambara.

"Lazima tumalize kabla," Lian aliniambia. "Siku yenyewe hakuna kufagia. Ukifagia unaitoa bahati nje."

"Bahati gani?"

"Ya mwaka mzima, ya nyumba nzima." Kisha akashusha sauti. Nainai alikuwa anangoja barua. Kibali chake cha kukaa Sweden kilikuwa kinaisha, baba yake Lian alikuwa amemwombea kingine, na kikikataliwa itabidi arudi. Kule hakuna mtu. Babu alishafariki, nyumba imefungwa. "Kwa hiyo mwaka huu ufagio tunauficha," akasema, akanionyesha mahali: ndani ya kabati la mlangoni, nyuma ya makoti ya baridi.

Nilimwambia pole. Moyoni nilishauona moto wangu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida kwa Stockholm. Wazazi wa Lian walikwenda kazini, sisi shuleni. Tuliporudi tulimkuta Nainai amevaa sweta jekundu, karatasi nyekundu zimebandikwa mlangoni, na mezani sinia za karanga na mbegu za alizeti. Alitupa zawadi sawasawa, mimi na mjukuu wake: soksi nyekundu za sufu alizozifuma mwenyewe. Nikavaa zangu. Tukala mbegu, maganda yakaanguka kwenye zulia na chini ya kochi, na hakuna aliyetugombeza. Penye mlango palikuwa na zile kokoto ndogo wanazomwaga njiani wakati wa barafu, zinazoingia ndani na viatu vya kila mtu.

Lian alikwenda chooni. Nainai alikuwa jikoni anakanda unga, anaimba puani. Nikafungua kabati, nikasukuma makoti, nikautoa ufagio.

Nilianzia dirishani kama mama alivyonifunza, kona kwanza, kisha chini ya meza, kisha chini ya kochi. Kwetu sijawahi kufagia kwa bidii ile. Sikuacha ganda wala uzi. Nilipofika mlangoni nikaufungua wazi, nikasukuma fungu lote likavuka kizingiti na kutawanyika koridoni, halafu nikaugonga ufagio ukutani mara mbili ili usibaki na kitu.

Lian ndiye aliyepiga kelele. Nainai akatoka jikoni mikono ina unga. Aliutazama ufagio, akaitazama sakafu, akautazama mlango uliokuwa wazi, na kicheko chote kikamtoka usoni. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu.

"Nilitaka kusaidia tu," nikasema. "Kwetu mgeni mwenye adabu anafagia."

Mwaona nilivyojipanga? Hakuna Mtanzania ambaye angenichapa kwa kosa lile. Lian hakutafsiri, alikuwa analia. Nainai akanipita, akatoka koridoni na soksi zake, akapiga magoti kwenye ile sakafu ya baridi na kuanza kuyazoa maganda kwa mikono. Aliyaweka kwenye aproni, akayarudisha ndani, akayamwaga pale dirishani, akarudi tena. Magoti yake yalikuwa mabovu. Kila alipoinuka alishika fremu ya mlango. Alikwenda mara tatu, mpaka zile kokoto akaziokota mojamoja. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilisimama na soksi zangu nyekundu nikajisemea kimoyomoyo kwamba sasa na yeye anajua.

Baba yake Lian alirudi kabla ya mama. Mama alipokuja kunichukua, yule bwana alimwambia kwa Kiswidi cha taratibu, bila kumtazama, kwamba ingefaa nisije kwa muda. Alieleza habari ya ufagio. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkoba begani.

"Mtoto wangu amewafagilia nyumba," akasema, "na hilo ndilo kosa?"

Koridoni, mlango ulipofungwa, akageukia Kiswahili. "Mtoto wa mwenzio akikufagilia nyumba unamwombea dua, humfukuzi! Nimekulea vizuri, mwanangu, wasikuharibie moyo. Twende." Akanikumbatia. Ningeweza kusema ukweli pale, kifuani kwake. Badala yake nikazidi kumkumbatia. Mpaka leo hadithi ya ufagio anawasimulia wageni wetu, na kila mara mimi ndiye mtoto mwenye adabu.

Nikapewa ufunguo wa kuvaa shingoni. Nilikaa peke yangu kila jioni na mkate wa jibini, na suruali zikaanza kunipwaya. Milango ile miwili, iliyokuwa haifungwi mchana kutwa, sasa ilifungwa, na kila mmoja wetu alichungulia kwanza kabla ya kutoka ili asikutane na mwenzake.

Barua ilikuja Aprili. Lian alinifuata uwanjani shuleni, akasimama mbele yangu. "Wamekataa," akasema. "Wewe ndiye uliyefagia." Akaenda zake. Leo najua kwamba barua za namna ile huandikwa na watu wasiojua kabisa nani kafagia wapi. Lakini kwa miaka mingi niliamini mikono yangu ndiyo iliyomwondoa, na nawaambia kwa aibu, kuna siku imani hiyo ilinitisha na kuna siku ilinipa kichwa.

Mwezi Mei nilikutana nao kwenye lifti. Nainai na masanduku mawili, Lian, na baba yake. Nilijibana ukutani wapite. Nainai akaliachia sanduku, akanishika mkono, akauzungushia kidole gumba na cha shahada kama anayepima bangili, akasema maneno machache. Nilimtazama Lian. Lian alikuwa anatazama kitufe cha lifti. Milango ikajifunga.

Sasa mimi pia ni muuguzi Flemingsberg, kama mama. Vuli iliyopita Lian alimleta baba yake kutibiwa macho, akanitambua, tukakaa kwenye mgahawa wa hospitali. Aliniambia Nainai alifariki mwaka wa tatu baada ya kurudi, katika ile nyumba iliyokuwa imefungwa. Akazungusha kikombe chake weee, kisha akasema kuna kitu amekibeba.

"Siku ile ya ngazi, hakusema umenenepa tu. Alisema, mtazameni mtoto wangu huyu alivyonenepa, huyu ndiye anayekula chakula changu, si kama Lian. Alikuwa anajivuna. Mimi nikayakata maneno yake."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakujazia wewe kwanza. Kila siku, wewe kwanza. Nilitaka uumie." Akakisukuma kikombe kando. "Na pale kwenye lifti alisema umekonda. Aliuliza nani anakulisha siku hizi."

Bibi wa watu alikuwa amesemewa na mtoto mwenye wivu na kusikilizwa na mtoto mwenye kinyongo, na kati yetu hakuwa na mtu wa tatu. Mama angeweza kuwa mtu huyo. Alimwelewa kuliko sisi sote, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

"Ule ufagio," Lian akaendelea, "mimi ndiye niliyekuonyesha. Nimejiuliza miaka yote. Kama ulifanya makusudi, basi mimi nilianza na wewe ukamaliza, tuko sawa. Lakini kama kweli ulitaka kusaidia, na mimi nikakuambia yale maneno pale uwanjani..."

Alinitazama akingoja. Nilijua kabisa la kusema. Sentensi moja tu, na tungelia pamoja, tukamlilia Nainai kama wajukuu wake wawili. Kisha nikawasikia wale wasichana kwenye ngazi. Nikalisikia lile jina.

"Nilitaka kusaidia tu," nikasema.

Lian akajifunika uso, akalia mbele ya watu, mabega yanamtikisika, akaniomba radhi kwa Kiswidi na kwa lugha yao. Nikamshika bega. Nikamwambia nimemsamehe.