Maua Yaliyofungwa Ijumaa Kuu

Harufu ya muhogo unaochemshwa kuwa wanga wa kukazia nguo bado inanirudisha Kimemi, hata nikiwa jikoni kwangu na sufuria zangu mwenyewe. Ni harufu chachu kidogo. Nikiivuta nasikia pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu, na mama akinikataza nisilambe kijiko. Nililamba. Ukitia chumvi kidogo, wanga wa nguo ni chakula, na mwaka ule hatukuwa watu wa kuchagua.

Vita vilikuwa vimetutoa Kalunguta. Tuliacha muhogo shambani na ndizi zikiwa bado changa, tukapanda hadi mji wa Butembo, tukapokelewa mtaa wa Kimemi na shangazi yangu aliyekuwa akiuza mboga sokoni. Baba alikwama upande wa Mutwanga, barabara imefungwa, na salamu zake zilitufikia kwa wapita njia. Mama aliitwa Mama Masika, kwa jina la dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameshaolewa. Mimi ni Kavira, wa pili, niliyebaki kumsumbua.

Watu wa kijiji chetu tulikuwa wengi mtaani pale, na kanisani tulikaa nyuma karibu na mlango. Wakati wa matoleo, msoma matangazo aliita kila shirika kwa jina lake, na watu wa jumuiya ile ndogo wakasimama, wakaenda mbele wakiimba. Sisi tuliitwa mwisho: "Sasa bakimbizi." Mama alisimama kama wengine, lakini alikuwa akinibana vidole mpaka vinauma. Kijijini kwetu yeye ndiye aliyeshona maua ya kapela, kanisa letu dogo, kila Pasaka, na watu walimjua hata milima ya pili. Hapa hakuwa na hata jina la kijiji.

Basi Kwaresima ilipokaribia kwisha alimwendea Mama Kahindo, mkubwa wa wapambaji, mwanamke wa mjini mwenye sauti ya kuamuru kuku walale mchana. Kila shirika lilikuwa na nguzo yake ya kuvalisha maua siku ya Pasaka. Nguzo ya mlangoni haikuwa na mwenyewe.

"Mukamate ile ya mulango," Mama Kahindo alisema. "Mais samedi saa sita ikuwe tayari. Kama hapana, tunaifunika na rido yetu."

Mama alirudi akitembea kama mtu aliyegawiwa shamba, si kama aliyepewa mwisho wa Jumamosi adhuhuri na kutishiwa pazia. Aliwaambia wanawake wa kwetu, "Mwenye nguzo iko na jina. Tukiipamba muzuri, batatuita Kalunguta."

Wao walicheka, wakamwonyesha viganja. Mikono yao ilikuwa ya jembe, walisema. Sindano ingepotelea humo. Kwa hiyo kazi ikawa yetu wawili. Mama alifagia baraza za mafundi cherehani wa sokoni, na malipo yake yakawa vipande walivyokata na kutupa, vyeupe na vya njano. Tulivichovya kwenye wanga, tukavipiga pasi, tukavikata petali, tukazishona moja juu ya nyingine. Katika vitabu vyetu vya Kifaransa, Pasaka ilikuja na jua jipya na vipepeo. Kwetu ilikuja na mvua na tope la kufika kwenye vifundo vya miguu, kwa hiyo maua ilibidi tuyatengeneze wenyewe. Vidole vyangu vilijaa matundu, nami nilivitazama kwa majivuno makubwa.

Alhamisi Kuu maua yalikuwa tayari. Tuliyaanika kwenye kamba uani, wanga ukauke. Ndipo risasi zikaanza upande wa kilima. Shangazi akatusukuma ndani, akafunga mlango, tukalala sakafuni mchana kutwa, mashavu juu ya simenti, mama akiwa ameuweka mkono wake juu ya kichwa changu. Hakuna aliyekumbuka kamba.

Tulipotoka jua lilikuwa linazama. Mbuzi wa jirani walikuwa uani, wametulia kabisa, na mmoja alikuwa na petali ya njano inaning'inia mdomoni. Wanga ni muhogo, na mbuzi hajui kama muhogo umepigwa pasi. Walikuwa wamekula Pasaka yetu yote na kutuachia nyuzi.

Mimi nililia. Mama aliutazama ule mdomo unaotafuna, akasema tu, "Hata bao banafungua Kwaresima yao leo." Halafu akaingia ndani, akakaa na kujifunika uso kwa kitenge. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo, hata siku tulipotoka nyumbani.

Mafuta ya taa hayakuwepo, kwa hiyo usiku ulipita bure. Asubuhi ikawa Ijumaa Kuu. Na kwetu Kalunguta, Ijumaa Kuu hakuna mwanamke anayeshika sindano. Wazee wetu walisema ukichoma kitambaa siku ile unamchoma Yesu mara ya pili. Gunia la vipande lilikuwa ndani bado limejaa, na Jumamosi asubuhi peke yake isingetosha hata nusu ya nguzo.

"Mama, tushone humu ndani," nilimwambia. "Mulango umefungwa. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

"Basi batatuita bakimbizi tena!"

"Batuite." Na sindano ikabaki imechomekwa ukutani.

Nilikasirika. Nilitoka nikakaa karibu na kapu la shangazi kufanya kazi yangu ya kila siku, kufunga mafungu ya lenga-lenga, mchicha wa kwetu, kwa kamba za mgomba. Hasira ilinipeleka haraka, nikafunga na kukaza, nikafunga na kukaza. Kipande cheupe kilikuwa kimening'inia kwenye sketi yangu. Nikakikunja mara kadhaa, nikakifunga katikati kwa nguvu zote kama fungu la mboga, kisha nikakichambua pande zote mbili.

Kikafunguka ua.

Nikakimbia nalo kwa mama. Aliligeuza, akavuta kamba, akaona haikatiki. Akalitafuta tundu la sindano, halikuwepo. Nikaona uso wake unavyorudi mahali pake.

"Kavira," alisema polepole, "kimbia, ita bamama bote."

Baada ya Njia ya Msalaba walijaa uani, wanawake wa Kalunguta wenye mikono ya jembe, kila mmoja na fungu la kamba za mgomba. Bibi mmoja aliyependa kubishana aliuliza, "Na Yesu, hapana balimufunga kamba?"

"Balimufunga jana, siku ya ine," mama alijibu. "Leo ni misumari tu. Kamata kamba, mama."

Walicheka, na baada ya Alhamisi ile kicheko chenyewe kilikuwa jambo kubwa. Vidole vilivyofunga sombe na mboga miaka yote havikuhitaji mwalimu. Mimi nilipita katikati yao kama msimamizi, nikisema hili limelegea, hili zuri, nao wakanivumilia. Jumamosi kulipopambazuka mama alichomoa sindano ukutani, akayashona maua yote juu ya utepe mrefu, nasi tukauzungusha nguzoni kutoka chini hadi juu.

Mama Kahindo alikuja, akainama, akaivuta kamba moja ya mgomba.

"Ni maua ou bien ni bitita bya lenga-lenga?"

"Ni bitita, mama," mama yangu alisema bila kushusha macho. "Sisi ni batu ba shamba."

Mama Kahindo alizunguka nguzo yote, kisha akaenda zake. Rido haikuletwa.

Misa ya mkesha ilisomwa alasiri, kwa sababu jioni askari hawakutaka mtu barabarani. Matoleo yalifika. Mashirika yaliitwa, yakaenda, yakarudi. Kisha msoma matangazo akasema, kama kawaida yake, "Sasa bakimbizi."

Mama hakusimama. Wale wanawake walimtazama yeye, nao hawakusimama. Tukakaa vivyo hivyo, vikapu magotini. Msoma matangazo akarudia. Hakuna aliyejongea. Akainua macho kutoka kwenye karatasi yake, akaitazama nguzo yetu kwa muda, kisha nikaona Mama Kahindo akimnong'oneza kitu.

"Batu ba Kalunguta," akasema.

Tulisimama wote kwa pamoja. Sijawahi kusikia benchi zikipiga kelele tamu namna ile.

Njia nzima kwenda mbele niliamini ni ua langu lililotushindia, na sitawadanganya, bado najivuna nalo. Ila nimekuwa mama mwenyewe ndipo nikaelewa ile asubuhi ya Ijumaa. Nilidhani mama aliogopa dhambi. Hakuogopa. Vita vilikuwa vimemnyang'anya nyumba, shamba na mume aliyekuwa ng'ambo ya barabara iliyofungwa, na kilichobaki mkononi mwake ni namna watu wa kwetu walivyoiishi siku ile. Angeshona kwa siri, tungeitwa Kalunguta mbele ya kanisa zima, na yeye peke yake angejua kwamba Kalunguta haikusimama.