Kaburi Lililohitaji Jina Gazetini

Gazeti letu lilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma. Lilitoka Katesh kila mwisho wa mwezi kwa mashine ya kudurufu iliyotupaka wino mpaka viwikoni. Liliandikwa Kiswahili peke yake, ndiyo ilikuwa sheria, lakini siku ya mnada tulilisoma kwa lugha tatu: mimi Kiswahili na Kiiraqw, na mwalimu mwenzangu, Mdatoga, akalirudia kwa lugha yao. Wengi wa Hanang walilijua gazeti lile kwa masikio tu.

Mwaka ule shamba la ngano lilikuwa linaongezwa kuelekea kwetu Nangwa. Likaja tangazo kutoka ofisi ya shamba: mwenye kaburi ndani ya eneo jipya alete jina la marehemu lichapishwe gazetini, kaburi lisilochapishwa litalimwa. Nililiandika mwenyewe kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya mashine, na sikuona kasoro yoyote.

Wa kwanza kuja alikuwa mjane wa Kidatoga, mwanafunzi wangu katika darasa la watu wazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Lile tuta lililo karibu na mgunga ni kaburi la baba wa mume wangu."

"Jina lake nani?"

Akageuza uso kando. Nikauliza tena.

"Ni baba wa mume wangu," akasema.

Hasira zangu hazikai mbali. "Trekta haimjui baba wa mume wako! Unataka alimwe?"

Akajifunga shuka lake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Mwenzangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Wewe mwalimu, unataka afanye nini? Mwanamke wa kwetu hataji jina la baba mkwe. Hata akiwa amekufa."

Nilikuwa nimelisikia jambo hilo tangu utotoni, nikadhani ni la bibi zao wa zamani. Na huyu nilikuwa nimekaa naye darasani miaka miwili! Niliona aibu, nikamkimbilia njiani, nikamwomba radhi. Kisha, kwa kuwa ujinga hauishi kwa siku moja, nikampa penseli. "Basi usilitaje. Liandike tu."

Akautazama mkono wake. "Mkono nao ni wangu, mwalimu."

Mumewe alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wadogo mno kumkumbuka babu. Aliyeweza kulitaja ni shemeji yake, aliyehamisha ng'ombe kwenda upande wa Haydom baada ya malisho yao kugeuzwa ngano. Zilibaki siku tatu gazeti lichapwe. Mjane hakuwa na wa kumwachia mbuzi wala watoto. Nikaenda kwa mhariri wetu, nikamwomba asubiri.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema, bila kuinua macho.

"Yupo. Amelala pale pale karibu na mgunga."

Tukabishana mpaka akachoka. Mwishowe akakubali kuacha mstari mmoja wazi kwenye stensili, nami nikaapa kwamba nitaujaza.

Nilipanda basi la Haydom, limejaa wagonjwa wa hospitali ya huko na mablanketi yao, nikasimama njia nzima. Kutoka pale nilitembea siku nzima nikiuliza boma hadi boma. Miguu iliota malengelenge. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba nitampata, na sijui kiburi kile nilikitoa wapi. Nikampata jioni anakamua. Alilitaja jina la baba yake mara tatu, polepole, nami nikaliandika kwenye daftari na kwenye kiganja.

Siku ya tatu, mashine ikiwa tayari imewekwa wino, nilimkuta mhariri ameshika saa. Nikachukua kalamu ya chuma, nikaujaza ule mstari.

Trekta zilifika baada ya wiki mbili. Mjane alikuwa amesimama karibu na tuta tangu alfajiri, nami nikasimama naye. Bwana msimamizi wa shamba la ngano akashuka na gazeti mkononi. Alisema watu wengi wanajipachika makaburi yasiyo yao. Akampa mama karatasi. "Kama kaburi ni lako, soma tusikie."

Niliogopa kuliko siku yoyote ya mtihani.

Mama akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Kaburi... la... mzee..." Kidole kikafika kwenye jina, kikatulia, midomo ikajifunga. Kisha kikavuka. "...lililo... karibu... na mgunga... lisilimwe."

"Umeruka jina," bwana akasema.

Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mama alinitangulia. Akamrudishia karatasi, kidole kikiwa kimerudi kwenye jina.

"Limo. Lisome wewe."

Bwana akalitazama, akalitazama tena. Akalisoma kwa sauti, mbele yetu sote. Kisha akamwonyesha dereva kwa mkono apite pembeni.